"Leo" isiyoisha

Jumatano moja kabla ya adhuhuri, mama mmoja aliingia dukani kwangu Ngamiani, mjini Tanga, na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Alitaka nimchapie tangazo, nitoe kopi ishirini, na nne kati ya hizo niziwekee plastiki kwa sababu ya mvua.

Nikaikunjua. Juu kabisa, kwa herufi kubwa za kalamu ya bluu, alikuwa ameandika: AMEPATIKANA.

Chini yake: "Mtoto huyu alipatikana siku ile ile aliyopotea. Yuko nyumbani, mzima. Naomba msinipigie tena. Ahsanteni." Kisha namba ya simu. Nikamuuliza, dada, mbona unawaomba wasipige halafu unawawekea namba? Akanitazama kama vile mimi ndiye sijui kusoma. "Wasipoiona namba watajuaje ni mimi?"

Nikaanza kuchapa. Nilipofika kwenye ile namba, mkono ukasimama. Tarakimu zake za mwisho zinapanda kama ngazi, si namba ya kusahaulika. Nilikuwa nayo kwenye simu yangu. Niliwahi kuituma, kwa mkono wangu, kwenye magrupu matano.

Alipokuwa kwenye benchi akisubiri, simu yake iliita mara mbili. Ya kwanza alikata. Ya pili alipokea, na bila salamu akasema, "Amepatikana," akakata. Alilisema neno hilo kama mtu anayemjibu kondakta wa daladala.

Sikumwambia kitu. Nilimpunguzia bei, nikajiona muungwana.

## Dakika mbili baada ya Magharibi

Ilikuwa Jumapili, siku kumi na saba kabla ya Jumatano hiyo. Ujumbe ulinifikia kwenye grupu la tuliosoma pamoja shule ya msingi. Picha ya mtoto wa kiume, miaka minne hivi, amevaa kanzu ya Idi na kofia iliyomzidi. "Amepotea leo asubuhi maeneo ya Makorora. Kavaa fulana nyekundu. Ukimwona piga namba hii. Sambaza, huenda wewe ukawa sababu."

Huenda wewe ukawa sababu. Nani anapita hapo?

Nilitaka kuufowadi kote kwa mpigo, WhatsApp ikagoma. Ujumbe wenye kimshale, yaani uliokwisha kutumwa na mtu mwingine kabla yako, hauruhusiwi kwenda zaidi ya grupu moja kwa wakati mmoja. Nikafanya anachofanya kila mtu. Nikahifadhi picha, nikanakili maandishi, nikabandika upya. Grupu la mchezo wa kupeana pesa, la wazazi wa madrasa, la ukoo, la mtaa, na la wateja ninakotangaza bei za kopi.

Kimshale kikapotea. Ujumbe ukawa kama nimeuandika mimi, mwenye steshenari, ambaye watu wananijua kwa sura na kwa marehemu baba yangu.

Nimekirudia kitendo hicho kichwani kwa wiki kadhaa sasa. Kile kizuizi kilikuwepo kwa sababu. Mwaka 2018 nchini India watu waliuawa na makundi ya raia kwa kushukiwa kuwa wezi wa watoto, baada ya tetesi kuzagaa kwenye simu. Mojawapo ya video zilizozungushwa ilikuwa imetengenezwa Karachi, Pakistan, kama tangazo la kuwahimiza wazazi wawe macho. Pikipiki inapita, mtoto anabebwa. Katika tangazo lenyewe pikipiki inarudi, mtoto anateremshwa, na yule "mwizi" anainua bango la kueleza kwamba kumwiba mtoto ni jambo la mara moja tu. Mtu akakata ile sehemu ya kurudi. Kilichosafiri ni kubebwa.

Julai mwaka huo WhatsApp iliweka India ukomo wa kufowadi kwa mazungumzo matano, na Januari 2019 ukomo huo ukawa wa dunia nzima. Aprili 2020, wakati wa korona, ujumbe wenye mishale miwili, uliopita mikono mitano au zaidi, ukaruhusiwa kwenda kwa mazungumzo mamoja tu kila mara. Kampuni ilisema ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70.

Nayaamini hayo. Ila kipimo chao kinafuata kimshale, na mimi nilikuwa nimeking'oa.

Halafu kuna lile neno "leo". Hapakuwa na tarehe. Wenyewe tunasema Tanga waja leo waondoka leo, lakini leo ya kwenye simu haiondoki. Aliyeusoma Jumanne aliona mtoto amepotea Jumanne. Aliyeusoma wiki ya pili aliona vivyo hivyo. Mkate ungekuwa umeshaota ukungu, neno bado bichi.

## Hesabu za kaunta

Siku ile mama alipoondoka nilichukua kikokotoo cha dukani. Mimi nimetuma kwa watano. Kila mmoja akituma kwa watano, 25. Kisha 125, 625, 3,125. Hatua ya nane ni 390,625. Sensa ya 2022 iliuhesabia mji wetu watu wasiofika laki nne. Hatua nane, na Tanga yote imemaliza, pamoja na vichanga.

Lakini haiendi hivyo, na nilijua haiendi hivyo. Jirani yangu mmoja aliupata ujumbe kwangu mara tatu, maana yumo kwenye mchezo, yumo madrasa, yumo mtaani. Watu wangu wanajuana. Ujumbe ungeweza kuzunguka Ngamiani na Makorora mwezi mzima kama baiskeli ya kukodi, unarudi pale pale ulipoanzia.

Ili utoke unahitaji mtu asiye wa pale. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika jambo ambalo bibi zetu wangeliafiki: watu wako wa karibu wanajua unachokijua wewe, kwa hiyo jambo jipya huja kupitia mtu mnayefahamiana kwa mbali tu. Alikuwa anaangalia jinsi watu wanavyopata kazi. Mimi namuona shemeji yangu dereva wa roli. Yumo kwenye grupu la ukoo, hasemi kitu, hajibu hata tanzia. Lakini yumo pia kwenye grupu la madereva wa njia ya bara, na kule kila mmoja ana mji wake na mke wake na grupu la msikiti wake au kanisa lake.

Mama wa mtoto alipigiwa simu kutoka Kahama. Alipigiwa kutoka Musoma, na Mombasa. Mmoja alimwambia, "Mtoto ninaye, nitumie nauli nimlete." Mtoto mwenyewe wakati huo alikuwa amekaa miguuni pake anakula ubuyu.

Sijamuuliza shemeji. Akinikubalia nitafanya nini?

## Mashine ya baba

Nilirithi duka hili, na mashine ya kwanza ya fotokopi iliingia nikiwa mdogo, kwenye miaka ya tisini. Ilikuwa kubwa kama jeneza la mtoto na ilinuka wino uliochemka. Waliotuweka mjini mwanzoni hawakuwa wanafunzi wala mawakili. Alituweka Sheikh Ahmad.

Wa umri wangu mnamkumbuka. Karatasi iliyofifia: Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume (S.A.W.) kule Madina, ameota ndoto. Kaambiwa Kiama kimekaribia, watu watubu. Kisha maagizo. Atakayeinakili barua hii na kuigawa ataona heri baada ya siku kadhaa. Fulani aliigawa akapata mali. Fulani aliipuuza, akafiwa na mwanawe.

Watu walikuja na sura za woga, wananong'ona, "Nitolee thelathini." Baba alikuwa anazitoa. Masheikh walikuwa wakiipinga barua ile misikitini, na baba, ambaye alikuwa hakosi swala ya jamaa, alikuwa akiwasikia. Mama alimuuliza siku moja mbele yetu kama pesa ile ni halali. Baba akasema yeye anauza karatasi na wino, maneno ni ya wenyewe.

Jibu hilo nimelikuta baadaye kwa kampuni kubwa za mitandao, limevaa suti.

Ukubwani ndipo nilipojua kwamba barua hiyo ina umri mkubwa kuliko mashine zote. Mwaka 1908 barua za namna hiyo zilisambaa katika pwani yetu, na kule Lindi zikawatia Wajerumani kiwewe. Maji Maji ilikuwa imezimwa mwaka uliotangulia, na wao wakaona kila karatasi ni uasi mwingine unaopikwa. Barua za Makka, ndivyo zilivyoitwa kwenye majalada yao. Hapakuwa na umeme wa kuzisukuma. Mtu alikaa chini na kalamu ya mwanzi, akaandika herufi moja moja kwa saa nzima, kisha akampa nahodha wa jahazi.

Kwa hiyo wanaoniambia kwamba mambo haya yameletwa na bando la bei rahisi, mniwie radhi.

Na popobawa je, lile jini lililosemekana kuwavamia watu usiku? Mwaka 1995 binamu zetu wa Pemba walikuwa wanalala nje, makundi makundi, wamewasha moto. Uvumi ulifika Unguja, ukavuka mpaka bara. Wenye kusimulia walikuwa na sharti moja la ajabu ambalo utotoni halikunishangaza: aliyetokewa lazima awaeleze wenzake, asipoeleza atarudiwa. Kisa chenyewe kinamwambia aliyekipata akitume. Kama ningekuwa mtu wa kubuni vitufe vya simu, ningemwendea popobawa nikajifunze.

Nilipokuwa nayawaza haya nilipata kaunafuu, sikufichi. Kumbe ni sisi tangu zamani, kumbe si mimi peke yangu. Kisha nikakumbuka kwamba Sheikh Ahmad alikuwa ananitisha, na popobawa alikuwa ananitisha. Ujumbe wa yule mtoto haukunitisha kwa lolote. Niliutuma kwa huruma.

## Alhamdulillah

Usiku wa ile Jumatano nilituma masahihisho. Magrupu matano yale yale, picha ile ile, na tarehe safari hii: "Mtoto huyu alipatikana siku ile ile. Tafadhali msipige."

Alhamdulillah kumi na tisa. Mikono ya dua, mioyo. Mtu mmoja kwenye grupu la mchezo akauliza zamu ya mwezi huu ni ya nani. Basi. Niliwauliza baadaye wachache ninaowaweza, je, ulimtumia mtu yeyote? Hakuna. Mmoja akasema, kwa uaminifu kabisa, "Si amepatikana? Sasa nitume nini?"

Kuna utafiti maarufu uliotoka katika jarida la Science Machi 2018. Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral wa chuo cha MIT walifuatilia habari zipatazo 126,000 zilizozunguka Twitter kati ya 2006 na 2017, zilizosambazwa na watu milioni 3 hivi. Habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa kusambazwa uliozidi za kweli kwa asilimia 70. Ukweli ulihitaji muda mara sita hivi kuwafikia watu 1,500. Na si roboti zilizosababisha tofauti hiyo, ni watu, kwa sababu uongo ulikuwa mpya zaidi masikioni na ulishangaza.

Hapa Tanga hilo halihitaji Twitter. Novemba 1914 Waingereza walileta jeshi kubwa lililotoka India kuuchukua mji huu, wakashindwa na kikosi kidogo cha kamanda Mjerumani, von Lettow-Vorbeck. Katikati ya mapigano nyuki walivurugwa wakauma watu wa pande zote mbili. Uingereza zikafika habari kwamba Mjerumani aliwatega nyuki makusudi. Mpaka leo vita vile vinaitwa vita vya nyuki, na uzembe wa makamanda walioshusha askari waliochoka na safari ya baharini hauna jina lolote.

Lakini utafiti huo haunifai sana, maana ujumbe wangu haukuwa uongo. Ulikuwa kweli iliyochacha.

Nikageukia mwingine, wa 2012. Jonah Berger na Katherine Milkman walichunguza makala karibu 7,000 za New York Times kuona zipi zinatumwa sana kwa barua pepe. Zilizowatia watu hasira, wasiwasi au mshangao mkuu zilitumwa. Za huzuni, zinazomlegeza mtu, hazikwenda mbali. Mpaka hapo sawa. Ila walikuta pia kwamba kwa jumla habari njema zilitumwa kuliko mbaya, na hapo nikakwama siku mbili nzima. Kuna habari njema kuliko "amepatikana"?

Ninavyoona mimi, na hii ni hesabu yangu ya kaunta, "amepatikana" si furaha, ni nafuu. Furaha inakuinua kwenye kiti. Nafuu inakukalisha. Unavuta pumzi, unasema Alhamdulillah, unaweka simu kifudifudi na kuendelea kumenya vitunguu. Tena kwa asiyeupata ujumbe wa kwanza, wa pili hauna maana: nani alipotea? Na kwa aliyeutuma ule wa kwanza, wa pili unamchongea.

## Shangazi

Nina shangazi Mikanjuni ambaye nimemnyamazisha kwenye simu tangu mwaka juzi. Kila alfajiri anatuma: dua, waridi linalometameta, onyo la mchele wa plastiki, onyo la namba ambayo ukiipokea unamalizwa pesa, video ya mtu aliyemezwa na chatu. Yeye ndiye niliyekuwa namfikiria kila nikisoma kuhusu watu wanaosambaza hovyo.

Simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Siku ya nne dada yangu akanipigia. "Shangazi anaumwa?" Wala hakuna aliyetuambia chochote. Tulikuwa tumehisi ule ukimya wa alfajiri, sisi sote tuliomnyamazisha.

Nikaenda na baiskeli. Nilimkuta anachambua mchele, wa kweli.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nani kafa?"

Tulipokwisha kucheka nikamuuliza kama huwa anazisoma zile anazotuma. Akasema nyingine. Nikamuuliza, sasa kwa nini unazituma?

Hakuinua macho kwenye ungo. "Nikikutumia maua, unanijibu?"

Nikanyamaza.

"Na ile ya mchele wa plastiki?"

Ile nilimpigia. Nilimpigia kumgombeza, tukaongea nusu saa, mpaka habari za goti lake.

"Basi," akasema.

Nimelichukua jibu hilo nikalipeleka kwenye ile Jumapili yangu. Nilipokuwa nabandika ile picha sikuwa namtafuta mtoto. Sikutoka nje. Makorora ni mwendo wa miguu kutoka kwangu, na sikuvaa hata kandambili. Nilikuwa nawaambia watu wangu: niko macho, nawajali, na nyie angalieni wenu. Na wao walinijibu, kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Mke wa kaka aliniuliza hali. Kwa bei za kopi hakuna anayeniuliza hali.

Sijui niondoe lipi katika hilo.

## Mkokoteni wa madafu

Mama yule alirudi, na tangazo lilikuwa limemletea balaa jipya. Nilikuwa nimebandika moja kwenye kioo cha duka langu, na kijana fulani alilipiga picha akiwa nje. Mwanga wa jua kwenye kioo ulikuwa umemeza mstari wa juu. Pakaonekana uso wa mtoto, namba, na maneno "siku ile ile aliyopotea". Simu zikaanza upya.

Nikamwambia. Nilisema haraka haraka, huku nimeishika ile karatasi: dada, na mimi nilituma, magrupu matano, nisamehe.

Akaangua kicheko ambacho sikukitegemea. "Wewe na nani? Mama mkwe wangu alituma. Mtoto amelala kitandani kwake."

Ndipo aliponisimulia. Mtoto alifuata mkokoteni wa madafu. Muuza kahawa mmoja akamwona anatembea peke yake, akamkalisha kwenye kigoda, akampa kashata, akawa anamuuliza kila anayepita, "Mtoto wa nani huyu?" Mtu wa sita au wa saba akamjua. Saa tano asubuhi alikuwa nyumbani. Tangazo lililoandikwa na mdogo wake mama lilikuwa limeshatoka saa nne.

Nikapiga hesabu, safari hii bila kikokotoo. Mimi nilituma saa kumi na mbili na nusu jioni.

Simu ikaita pale pale juu ya kaunta. Aliitazama, akanisogezea. Nikapokea. Sauti ya mzee, mbali, upepo mwingi. Alikuwa anauliza kuhusu mtoto. Nikasema amepatikana, baba, tangu siku ile ile. Akashukuru Mungu kwa muda mrefu. Kisha akauliza alipatikana wapi, na nani, na kama alikuwa amekula. Nikamweleza yote, mkokoteni, kigoda na kashata. Alicheka sana kwenye kashata. Hakuwa na haraka ya kukata.

Mama alipoondoka nililibandua lile tangazo la kioo. Nikachukua karatasi nyeupe na kalamu nene, nikaandika kwa mkono: "Yule mtoto wa Makorora yuko kwao." Bila picha, bila namba.

Lipo mpaka sasa, limeanza kugeuka njano. Watu wanalisoma wakisubiri kopi zao. Hakuna aliyelipiga picha.